Kaboni ya Sabaki na ya mikoko ya Lamu: utumie picha za setilaiti ipi?

Anayetaka kujua mto Sabaki unamwaga kaboni kiasi gani baharini, au mikoko ya Lamu inatoa kiasi gani kila maji yanapokupwa, siku hizi haanzi na chombo cha baharini. Anaanza na kompyuta. Picha za setilaiti za ghuba ya Malindi zinapatikana bure, na shida iliyobaki ni wingi wake: Sentinel-2, Sentinel-3, Landsat, MODIS, PACE. Kila moja ina wanaoisifu, na wengi wanaoanza kazi hii hukimbilia ile yenye picha kali kuliko zote, ile inayoonyesha hadi ngalawa zilizotia nanga. Mimi nasema ukali wa picha uje baadaye. Kaboni iliyoyeyuka majini haina umbo wala kingo. Ina rangi tu, tena sehemu yake moja ndiyo yenye rangi. Kinachotakiwa kwanza ni jicho linalotofautisha rangi, na linalopita mara nyingi za kutosha kuuona mto ukibadilika.

Jibu langu kwa ufupi ni hili. Kwa ghuba ya Malindi, kuanzia mlango wa Sabaki hadi nje ya mwamba, anza na Sentinel-3, kisha uiongezee Sentinel-2 karibu na mto. Kwa vijito vya Lamu ni Sentinel-2, la sivyo achana na setilaiti kabisa. Landsat ni ya historia. MODIS na PACE ni za bahari kuu. Na hakuna hata moja kati ya hizo itakayokupa kaboni bila chupa za maji yaliyochotwa hapo hapo.

Setilaiti inaona nini hasa

Kaboni ogania iliyoyeyuka ni ile inayopita kwenye chujio lenye vitundu vya maikromita 0.7, wengine hutumia 0.2: mabaki ya majani, mizizi, udongo na vijimea vya baharini, yaliyovunjikavunjika hadi yakawa sehemu ya maji yenyewe. Bahari zote za dunia zimebeba takribani tani bilioni 660 za kaboni ya namna hii, na mito huongeza kama tani milioni 250 kila mwaka. Nyingi haionekani kwa jicho. Sehemu yenye rangi ndiyo inayoyapa maji ya kijito cha mikoko ile rangi ya chai ya mkandaa.

Setilaiti inapima rangi hiyo. Hatua ya kutoka kwenye rangi hadi miligramu za kaboni kwa lita unaipiga wewe, kwa kuchota maji, kuyapima rangi na kaboni, na kutafuta uhusiano wa viwili hivyo. Mahali ambapo maji ya mto yanachanganyika na maji ya chumvi, uhusiano huo huwa mzuri: kadiri chumvi inavyoongezeka, rangi na kaboni hupungua pamoja. Unaharibika maji yakikaa juani. Jua hupausha rangi haraka kuliko linavyoimaliza kaboni, kwa hiyo maji yaliyozunguka ndani ya ghuba kwa wiki kadhaa mwezi Januari yanaweza kuonekana safi ilhali kaboni bado imo. Kwa sababu hii usichukue uhusiano uliopatikana msimu wa masika ukautumia kwa kaskazi, na usichukue wa mto wa Ulaya ukaubandika Sabaki.

Rangi hii hufyonza mwanga wa buluu, na zaidi ule wa urujuani. Nguvu yake hupanda haraka kadiri urefu wa mawimbi unavyopungua. Kwa mteremko wa kawaida (yaani kasi ya kupanda huko) wa 0.018 kwa kila nanomita, ufyonzaji kwenye nanomita 400 ni zaidi ya mara mbili ya ule wa 443, na kwenye 560, yaani kijani, umebaki kama asilimia 12 tu. Hesabu hii ndogo ndiyo inayoamua mengi katika ulinganisho huu. Klorofili ya vijimea nayo hufyonza sana pale kwenye 443, kwa hiyo setilaiti isiyo na jicho chini ya 443 inapata taabu kujua kama inaangalia kaboni ya mto au vijimea vinavyostawi.

Sentinel-3 na Sentinel-2

Kamera ya Sentinel-3, iitwayo OLCI, ina bendi 21, yaani inaugawa mwanga katika vipande 21 vya rangi, zikiwamo za nanomita 400 na 412.5. Setilaiti mbili, ya kwanza ya mwaka 2016 na ya pili ya 2018, zinapita Malindi karibu kila siku moja au mbili. Pikseli yake, yaani kimraba kimoja cha picha, ni mita 300. Kutoka mlango wa Sabaki hadi mji wa Malindi ni kilomita zipatazo tano, kwa hiyo unapata pikseli kumi na tano hivi kwa mstari huo. Hazipendezi kutazama, lakini zinatosha kabisa kuonyesha maji ya mto yameelekea wapi na yamefifia vipi.

Sentinel-2 ina pikseli ya mita 10 kwa buluu, kijani na nyekundu, na setilaiti zake mbili zinarudi kila siku tano. Picha zake za Sabaki zinavutia: unauona ulimi wa maji ya kahawia ukijikunja, unaona hadi mapovu yaliyojipanga kwenye mpaka wa maji mawili. Ila ilitengenezwa kwa ajili ya mashamba na misitu. Bendi yake ya chini kabisa ni 443, na hiyo ina pikseli ya mita 60, si 10. Chini ya hapo haina kitu. Ukiitumia kupima kaboni unalazimika kutegemea uwiano wa kijani kwa nyekundu, ambao hufanya kazi vizuri kwenye maji yenye rangi nzito na hudhoofika maji yanapokuwa mepesi.

Kuna jambo la pili ambalo wanaoishi karibu na ikweta wanapaswa kulitilia maanani kuliko wengine: mng'aro wa jua juu ya maji. Malindi iko nyuzi 3 kusini, na jua hupita utosini mwezi Machi na tena karibu na mwisho wa Septemba. Sentinel-2 hutazama chini moja kwa moja, kwa hiyo picha nyingi za kwetu huja zimeng'aa kama bati, na pepo za kusi zikichafua uso wa bahari mng'aro husambaa zaidi. Kamera za OLCI zimeinamishwa upande wa magharibi kwa nyuzi 12.6 kusudi kuukwepa. Kwa ghuba ya Malindi, hilo peke yake lingenitosha kuichagua Sentinel-3.

Lamu ni hadithi nyingine. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko huko, na kaboni yake inatoka kwenye vijito vyembamba. Chukua kijito cha upana wa mita 60. Kwa Sentinel-3 hakipo kabisa. Kimemezwa na majani ya mikoko yanayokizunguka. Landsat, yenye pikseli ya mita 30, inakupa mbili, na zote zinagusa ukingo. Sentinel-2 inakupa sita. Ukitupa za kandokando unabaki na nne. Hata hizo nne zina doa, kwa kuwa majani ya mikoko hung'aa mno kwenye mwanga usioonekana ulio karibu na nyekundu, na sehemu ya mwanga huo hutawanyika angani na kuangukia pikseli za maji. Programu ya kusahihisha angahewa, yaani ya kuondoa mwanga uliotoka hewani, hudhani maji yana tope, au hudhani hewa ni chafu, na hapo buluu yote imekwenda kombo. Anayetafiti mikoko ya Lamu apime kwenye mikondo mipana inakomwagikia vijito, kama ghuba ya Manda, na ndani ya vijito atumie chupa.

Landsat na mtego wa bamvua

Sifa ya Landsat ni umri. Picha zake zinaanzia mwaka 1972, na tangu 2008 ni bure kwa kila mtu. Kama swali lako ni namna mlango wa Sabaki ulivyohama, au fukwe za Malindi zilivyoongezeka mchanga, hakuna mshindani. Kwa kaboni iliyoyeyuka, za zamani hazifai. Landsat 5 na 7 ziligawa mwanga katika ngazi 256 tu, na bahari, ambayo ni nyeusi ukilinganisha na nchi kavu, iliangukia ngazi chache za chini kabisa. Landsat 7 ikaharibika kifaa chake mwezi Mei 2003 na picha zake zikawa na mistari mitupu. Landsat 8 ya mwaka 2013 na Landsat 9 ya 2021 zina ngazi 4,096 au zaidi, na bendi ya 443. Hizo unaweza kuzitumia.

Lakini utumie zote mbili pamoja. Setilaiti hizi hupita kwa saa ile ile ya jua kila siku. Za asubuhi, yaani Landsat na Sentinel, hufika kwetu kati ya saa nne na saa tano. Kila mvuvi wa Malindi anajua kwamba siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukauka saa nne au saa tano asubuhi, na siku za maji mafu, yaani maji madogo ya nusu mwezi, saa hizo maji yamejaa. Maana yake, setilaiti za asubuhi haziuoni bamvua ukiwa umejaa, hata mara moja. Picha za bamvua ni za maji yaliyokupwa, vijito vimekwisha kumwaga chai yao nje. Picha za maji mafu ni za maji ya bahari yaliyosukumwa ndani. Tofauti hiyo ya rangi ni ya mwezi, wala mvua haihusiki.

Sasa tazama hesabu. Kutoka bamvua hadi bamvua ni siku 14.77. Landsat moja hurudi baada ya siku 16. Kila inaporudi, maji yamesogea kwa siku moja na robo kwenye mzunguko wake, na huchukua mapito kumi na mawili, yaani zaidi kidogo ya miezi sita, kuumaliza. Ukichora grafu ya kaboni ya Lamu kwa Landsat 8 peke yake utaona wimbi zuri la miezi sita, juu na chini, na utaandika kwamba kusi na kaskazi ndizo zinazoongoza. Huenda ukawa umechora bamvua tu. Landsat 8 na 9 zikiunganishwa hurudi kila siku nane, na wimbi hilo la uongo hutoweka. Sentinel-2 kwa siku zake tano haina mtego huu mkubwa, ilimradi mawingu yasikunyang'anye picha mbili kati ya kila tatu, jambo ambalo mwezi Mei hutokea.

Kwa hiyo, chochote utakachochagua, andika hali ya maji kando ya kila picha kabla hujafanya hesabu yoyote. Majedwali ya maji kujaa na kupwa yapo. Pasipo nayo, mzee yeyote wa pwani atakwambia kwa kuhesabu mwezi.

MODIS na PACE

Hizi nitazipitia haraka. MODIS iliyo kwenye setilaiti ya Aqua imepiga picha za bahari karibu kila siku tangu 2002, na PACE ya Februari 2024 inasoma rangi kwa hatua ndogondogo kuanzia nanomita 340, kitu ambacho hakuna nyingine kati ya hizi inayokiweza. Zote hupita mchana, wala si asubuhi, kwa hiyo zinakuonyesha upande mwingine wa maji. Lakini pikseli ni kama kilomita moja, na zile za karibu na pwani huchanganyika na nchi kavu. Anayefuatilia maji ya mto yalivyokokotwa na mkondo hadi mbali, kuelekea ghuba ya Ungwana na kuendelea, atafurahia PACE. Anayetaka kujua kinachoingia kwenye hifadhi ya bahari ya Malindi aziache.

Tope la Sabaki

Hapa ndipo nitakapokawia, maana ndipo matokeo mengi ya ghuba yetu yanapoharibika. Sabaki, ambao juu huitwa Galana na juu zaidi Athi, unakusanya udongo kutoka nyanda za juu na Ukambani, unapita Tsavo, na kuufikisha wote Malindi. Chembe za udongo hurudisha mwanga kwa wingi, hasa mwekundu, na wakati huo huo zinafyonza buluu kama inavyofanya kaboni. Setilaiti inaona kahawia. Haijui kahawia hiyo kiasi gani ni udongo na kiasi gani ni kaboni iliyoyeyuka.

Ukipakua data ya Sentinel-3 iliyokwisha kuandaliwa, utakuta tabaka la ufyonzaji kwenye nanomita 443. Wengi hulichukua kama lilivyo na kuliita kaboni. Tabaka hilo limejumlisha vitu viwili: rangi iliyoyeyuka na mabaki yanayoelea. Kwenye maji yasiyo na tope kosa ni dogo. Mlangoni mwa Sabaki wakati wa vuli, sehemu kubwa ya unachokisoma inaweza kuwa udongo mtupu. Programu ya C2RCC, iliyomo ndani ya SNAP (programu ya kufungua na kuchakata picha za Sentinel) na ambayo ni ya bure, hujaribu kuvitenganisha viwili hivyo kwa Sentinel-3, Sentinel-2 na Landsat pia. Naipendekeza, ila mtandao wake wa hesabu haukufundishwa kwa maji ya Sabaki, kwa hiyo tarakimu zake zipimwe kwa chupa kabla ya kuziamini.

Ziko sehemu ambazo setilaiti inaaminika zaidi, na unaweza kuziona kwa macho yako. Simama kwenye gati la Malindi mwezi Novemba au Desemba, kaskazi imeanza na mto umejaa. Pepo na mkondo vimeugeuza ulimi wa mto kuja kusini, kuelekea mji na hifadhi. Utaona maji ya kahawia, kisha mpaka, kisha ukanda wa kijani kibichi kilichokolea, halafu ndiyo buluu ya bahari. Ule ukanda wa kijani ni maji ambayo udongo wake mwingi umekwisha kuzama, lakini kaboni iliyoyeyuka haizami. Inaendelea na safari. Hapo tope ni dogo, rangi ya mto bado ipo, na bendi za 400 na 412 za Sentinel-3 zina kazi ya kufanya. Mimi ningeweka vituo vingi vya kuchota maji kwenye ukanda huo kuliko ndani ya kahawia. Ndani ya kahawia, tumia Sentinel-2 kuonyesha tope limefika wapi, wala usidai zaidi.

Wakati wa kusi ulimi huo hugeuka kwenda kaskazini, upande wa Mambrui na Ngomeni. Ni bahari ile ile ambamo lipo jukwaa la San Marco, lililorusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Inaniuma kwamba watu wengi wa Malindi wanaijua setilaiti kama kitu kilichoondoka hapa kwenda kutazama nyota, wakati zipo zinazoitazama ghuba yao kila wiki na data yake haitumiki.

Tahadhari moja kuhusu hifadhi yenyewe, iliyotangazwa mwaka 1968. Ndani ya mwamba maji ni mafupi na safi, na setilaiti huona hadi chini. Nyasi za bahari ni nyeusi kwenye buluu, kwa hiyo programu huzisoma kama maji yenye kaboni nyingi. Ukiona doa la kaboni ambalo halihami mwezi baada ya mwezi, hizo ni nyasi. Zifiche pikseli hizo.

Programu, kwa wenye bando dogo

Faili moja la Sentinel-2 linaweza kukaribia gigabaiti nzima. Digital Earth Africa, jukwaa la mtandaoni la picha za setilaiti za Afrika, inakuruhusu kukata kipande cha ghuba tu na kufanyia kazi hukohuko mtandaoni, bila malipo. Tatizo ni kwamba picha zake zimesahihishwa kwa ajili ya nchi kavu. Kati ya mwanga wote unaofika kwenye kamera juu ya bahari, karibu asilimia 90 umetoka hewani, si majini, kwa hiyo usahihisho wa nchi kavu haukufai hata kidogo kwa rangi ya maji. Litumie jukwaa hilo kuchagua siku zisizo na mawingu. Halafu pakua picha ghafi za siku hizo chache tu, uzipitishe kwenye ACOLITE, programu nyingine ya kusahihisha picha za maji, au C2RCC.

Picha au chupa?

Wapo wanaouliza kama picha zinaweza kuchukua nafasi ya chupa. Haziwezi, na chupa nazo peke yake hazikuonyeshi ghuba nzima kwa saa moja. Kwa mradi wenye fedha kidogo ningegawa kazi hivi: rangi ipimwe kwenye sampuli zote, kaboni kwenye baadhi. Rangi inahitaji spektrofotomita na kichupa cha kwatzi cha sentimita 10, na spektrofotomita ni kifaa cha kawaida katika maabara za kemia. Kaboni inahitaji mashine inayochoma sampuli kwa nyuzi 680 au zaidi na kupima hewa inayotoka. Hiyo ni ghali, na huenda sampuli zikasafiri mbali.

Chupa ziwe za kioo, zilizochomwa kwanza kwa nyuzi 450 ili kuondoa mabaki. Chuja siku hiyo hiyo, tia asidi hadi pH 2 kwa zile za kaboni, weka za rangi gizani kwenye barafu. Chota omoni, upande upepo unakotoka, mashine ikiwa imezimwa. Petroli kidogo iliyomwagika tezini inatosha kukupa kaboni ambayo Sabaki haijawahi kuileta. Wengi hukubali tofauti ya saa tatu kati ya chupa na picha. Kwa ghuba inayopanda na kushuka mita tatu na zaidi siku za bamvua, mimi nisingekubali zaidi ya saa moja.

Ikiwa una mafuta ya safari mbili tu, ziweke kati ya Novemba na Februari, bahari imetulia, kwenye siku ambazo Sentinel-2 na Sentinel-3 zinapita asubuhi moja. Moja iwe ya bamvua, nyingine ya maji mafu. Anzia mlangoni kuelekea nje, ukiwa umeanza saa tatu ili katikati ya mstari uwe juu ya ukanda wa kijani setilaiti inapopita. Nahodha aelezwe saa hizo mapema, kwa sababu siku ya bamvua wakati huo mlango wa Sabaki hauna kina cha kuingiza boti. Sampuli ya mtoni ichotwe na mwenzako kwa ndoo na kamba kutoka daraja la Sabaki.